Mkono Uliokataa Mwiko

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka. Si uchovu wa leo, huu una miaka. Nimetoka kiwandani nimeshona kola za sare mpaka naona mistari ukutani, nikaingia jikoni na mkoba ungali begani. Nikapika. Nikapakua: mume wangu kwanza, kisha mama mkwe, kisha wifi. Mara maji. Mara chumvi. Mara pilipili, na iko mbele ya pua ya mume wangu! Nilipokaa wali ulikuwa umepoa, nao wanachokonoa meno.

Ninachotaka duniani ni kimoja: nikae na wenzangu, nile chakula cha moto, na asimame mtu mwingine. Sijaomba ufalme.

Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi

Nimefunga bandeji mkono wa kulia mpaka kiwikoni. Nimesema nimeteguka nikinyanyua robota la vitambaa. Kiwandani naivua, nikikaribia nyumbani naivaa.

Mume wangu alinionea huruma kweli, halafu akauliza sasa tutakula nini. Wifi ghafla akakumbuka ana kikao. Mama mkwe akasema magoti yanamuuma. Akabaki mume wangu. Seremala! Anawaundia watu makabati ya jikoni mji mzima, la kwake hajui chumvi inakaa rafu ipi.

Ameunguza maharage. Tumekula mkate. Lakini nimekula nimekaa.

Jumatano, 6 Machi

Kaingia jikoni na penseli sikioni. Anapima karoti kwa futi! Nimekaa kwenye kigoda namwelekeza: punguza moto, kitunguu usikiharakishe. Ametumia kila sufuria tuliyo nayo.

Mama mkwe alisimama mlangoni anafuta machozi, mwanawe anateseka. Mimi nimesimama mbele ya jiko lile lile tangu niolewe na hakuna aliyenililia hata kamasi.

Vyombo nimeosha mimi, kwa mkono wa kushoto. Mpishi alikuwa amechoka.

Ijumaa, 8 Machi

Leo! Nimewekewa sahani mezani, inafuka moshi, paja la kuku juu. Kwangu mimi! Nikakaribia kulia.

Sijameza hata tonge la pili, mama mkwe akatangaza kwamba tangu aje kuishi nasi hajala mchuzi kama huu. Wifi akampiga picha kaka yake na mwiko wake, akaitumia kwa ukoo mzima. Majibu yakamiminika. Mwanamume wa shoka. Shemeji ana bahati jamani. Bahati! Mimi nikipika wananiambia chumvi imepungua.

Nikaendelea kutafuna. Na kibaya zaidi, mchuzi ulikuwa mtamu.

Jumamosi, 9 Machi

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilikuwa nategemea hilo. Huyu wangu akisifiwa anazidi kukoleza!

Jioni kaja mama jirani kuonja. Mume wangu, mkono kiunoni, akamfunulia siri yake: kitunguu usikiharakishe. Siri yake! Nikaruka pale kwenye kigoda, nikampokonya mwiko, nikakoroga sufuria kwa hasira zangu zote. Kwa mkono wa kulia.

Wote wakautazama. Njia ya mwongo ni fupi, yangu imeishia jikoni. Nikangoja matusi. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Mama mkwe akasema Mungu mkubwa, mkono umepona, akanifunga aproni yeye mwenyewe, kwa kasi ambayo sikuitegemea kwenye magoti yale. Mume wangu akanipa pole kwa maumivu yote niliyoyapitia. Halafu akaenda kukaa.

Jumapili, 10 Machi

Nimepika tangu asubuhi. Kuku wawili. Mgongo si wangu tena. Nimepakua, nikasimama pembeni na jagi la maji, nangoja neno moja tu.

Mama mkwe akatafuna. Akafikiri. Akasema nimejitahidi, inaonekana mume wangu amenifundisha vizuri. Mume wangu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akasema bado kidogo kwenye kitunguu.

Bado kidogo!

Hapana. Watanitambua. Nimewaambia Jumapili ijayo waite ukoo mzima: wajomba, mashangazi, mashemeji, na wote waliotuma yale majibu. Nitapika mimi, peke yangu. Sitaki mtu anisaidie hata kumenya kitunguu saumu. Tutaona mpishi wa nyumba hii ni nani!

Wamekubali wote, papo hapo, hakuna hata aliyebisha. Nimeshinda.