Kijiko Ubavuni mwa Pansy

Alhamisi, Machi 12, 1987

Lorraine, binti yangu, amepiga simu kutoka Hartford. Anakuja Jumapili kumwona mbwa wa marehemu mama yake. Akimkuta hatunzwi, anaondoka naye. Nikamwambia Pansy anang'aa kama sahani. Nikakata simu, nikamtazama. Manyoya ya ubavu wa kushoto yameshikana bonge moja. Kwenye bonge kuna majani, njugu mbili na kijiko. Kijiko changu! Nimekitafuta tangu Jumanne.

Ni shira, bila shaka. Mwezi Machi hapa Vermont tunachemsha utomvu wa miti kuwa shira, na kila kinachonata ni shira: vitasa, sharubu zangu, Biblia. Shira huyeyuka kwa maji ya uvuguvugu. Nimemwosha mara tatu. Mimi nimelowa chapachapa. Kijiko hakijatikisika.

Ijumaa, Machi 13

Nimepata akili mpya. Shira ikiguswa na theluji huganda. Ikiganda, huvunjika. Kwa nini sikuwaza hili jana?

Mavis, marehemu mke wangu, alituandalia kila msimu wa kuchemsha. Theluji safi kwenye beseni, shira ya moto juu, donati na achari ya matango pembeni ili utamu usitukinaishe. Mwaka mmoja, Pansy akiwa mdogo, aliiba kipande. Meno yakashikana, akashindwa kubweka. Mavis alicheka hadi akakaa kitako kwenye theluji. Ni miaka miwili sasa sijasikia kicheko kile. Nakikosa sana.

Basi nikamlaza Pansy kwenye theluji, nami nikalala juu yake kumshikilia. Dakika ishirini. Akapita jirani, Thibault, na trekta lake.

"Orrin, mmekufa au mnapumzika?"

Nikamweleza. Akashika manyoya, akanusa kidole. Akasema hiyo si shira, ni ulimbo wa msonobari, mbwa analala juu ya kuni zangu. Nimpake siagi, kidogo tu, pale penye bonge. Nikamjibu kwamba siagi hutiwa kwenye karai shira ikitaka kufurika, haitiwi kwenye mbwa. Mtu huyu amenishinda mashindano ya shira mara kumi na moja. Hata saa simwulizi.

Bonge limeganda kama jiwe. Nikachukua nyundo ndogo. Pansy akaiona, akaingia chini ya kitanda hadi jioni.

Jumamosi, Machi 14

Nimefunga mapazia, nimepaka siagi. Si kwa sababu Thibault alisema. Nilikuwa nimeshaifikiria.

Imefanya kazi! Kijiko kimetoka. Nikaona kama kidogo kinafaa, kingi kitafaa zaidi. Nikapaka mbwa mzima, kichwa hadi mkia, ratili mbili. Nilipofungua mlango achomoke kidogo kukojoa, akakimbilia kwa Thibault na kugaagaa kwenye vumbi la mbao. Thibault amemrudisha. Pansy alikuwa kama samaki anayesubiri kukaangwa. Thibault akanikabidhi mbwa, akaenda zake. Afadhali angetukana.

Jumapili, Machi 15

Lorraine amefika kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa na hotuba. Alipomwona mbwa, hotuba ikapotea. Nikasema ukweli tu: nikiamka sina mwingine wa kumwambia habari za asubuhi.

Akanitazama sana. Akakunja mikono ya sweta, akaomba sabuni ya vyombo. Tukamwosha kwenye beseni la mama yake, Lorraine akimbembeleza:

"Simama, bibi mkubwa, simama, karibu tunamaliza."

Sauti ya Mavis kabisa. Nikageukia dirishani, nikasingizia mvuke. Lorraine naye alikuwa analia, hakusingizia chochote. Akasema akimchukua Pansy, atakuwa ameninyang'anya nyumba nzima. Mbwa atabaki. Ila kila Jumatatu saa nne Thibault aje kumchana, na nikimkatalia Thibault, Lorraine anarudi na gari. Nikaahidi. Nikamkumbatia mwanangu. Siku njema kuliko zote tangu mazishi.

Jumatatu, Machi 16

Nimeamka na mpango. Thibault akimkuta mbwa hana hata unywele mmoja ulioshikana, ataona aibu, hatarudi tena. Na Pansy leo ni hariri tupu.

Saa nne bado mbali, kwa hiyo naziba tundu la paa la kibanda cha kuchemshia. Lami imeshachemka, ndoo nimeitundika juu ya ngazi. Pansy nimemfunga kwenye mguu wa ngazi hiyo hiyo, asiende kuchafuka.