Profesa Chupa na Ini la Fundi Redio

Profesa Chupa hakusomea udaktari hata siku moja, lakini benchi la nje ya kliniki ya ini alilijua kuliko mganga mkuu. Hapo ndipo alipouza dawa yake ya kusafisha ini: sukari iliyounguzwa, pilipili, na kitu cha tatu ambacho yeye mwenyewe hakuthubutu kukionja. Asubuhi moja masikio yakamsimama. Mama mmoja mfuaji alikuwa akimlalamikia jirani yake kwa sauti: mumewe, fundi redio, macho yamekuwa ya manjano, tumbo limejaa maji, na ghorofa lao la kona litabaki na nani?

Jioni Profesa akaulizia njia, akapiga hodi kwa fundi.

"Shikamoo, mzee wangu. Huruma imenileta."

"Marahaba. Inauzwaje?"

Profesa akatoa chupa. Fundi akatikisa kichwa. "Taslimu sina, mwanangu. Ila atakayeniinua nikarudi kazini, ghorofa ni lake. Mke wangu shahidi."

Mke akaitikia, macho chini.

Tusimcheke mtu aliyeahidiwa ghorofa. Profesa alikwenda chooni akaimwaga chupa yote, maana mgonjwa akifa, ndugu watarithi. Kisha akamwendea daktari, akajiita mpwa.

"Ini limejaa makovu, hayafutiki," daktari alisema. "Lakini akiacha pombe kabisa, chumvi ikapungua, akala kidogo kidogo na kunywa dawa zetu tu, sehemu iliyobaki inaweza kumbeba. Na msimpe dawa za chupa za mitaani, zitammaliza."

"Kumbe kuna watu wanauza hizo?" Profesa akauliza kwa masikitiko.

Akahamia kwa fundi. Akapika mboga zisizo na chumvi, akamkanda miguu iliyovimba. Wenzake fundi wa kilabuni walipokuja na kitu chini ya koti, aliwatolea maneno mpaka wakatoka nduki. Asubuhi moja fundi akaanza kuweweseka, hamjui hata mkewe. Profesa akambeba mgongoni hadi hospitali, njia nzima akilia. Alijiambia analilia ghorofa.

Miezi ikapita. Siku fundi aliporudi mezani kwake kutengeneza redio, Profesa akadai haki yake.

"Baba, sisi ni wapangaji," mke akasema. "Hata kodi ya chumba hiki inatutoa jasho."

"Na ghorofa?"

"Lipo pale kona. Mwenyewe simjui. Mimi natoka alfajiri kufua, na walevi wenzake mume wangu walikuwa wakisubiri nitoke tu. Nilihitaji mtu mwenye maneno na tamaa, asiyebanduka hapa. Nikakaa kwenye lile benchi lenu, nikawa nalitaja ghorofa kila anapopita mjanja."

"Mama, huo ni utapeli."

"Ndiyo. Nilijua wewe utanielewa."

Profesa akaondoka bila kuaga. Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, hodi. Alisema amesahau kofia. Kofia ilikuwa kichwani, na hakuna aliyemwambia. Akapitiliza jikoni, akafunua sufuria, akaonja.

"Nani ametia chumvi humu?"