Ombi la Kurudishiwa Haki ya Kushindwa

Kisangani, upande wa maporomoko
Agosti 1956

Kwa Bwana Mhariri wa gazeti la parokia,

Pokea salamu za mzee ambaye padri amekwisha kumpaka mafuta ya wagonjwa mara mbili, na mara zote mbili akaamka kuuliza matokeo ya mpira. Kwa kuwa safari ijayo huenda nisiamke, natoa hadharani jambo nililolificha tangu Bwana Henri, mwenye malori na mashine ya mpunga, alipoinunua klabu yetu ya Maporomoko: sipendi tukishinda. Mbele za watu nimepiga makofi. Moyoni nimeona haya. Malalamiko yangu ni haya, nami nayatoa kwa heshima.

1. Saa. Zamani mchezo ulianza wachezaji wetu wakishatoa samaki katika migono, ile mitego mikubwa tunayoifunga kwenye miti katikati ya mto. Maji yakijaa, refa alingoja na wageni walingoja. Sasa Bwana Henri ametundika saa ya ukutani juu ya mlango wa kiwanja, na mto umeamriwa kuifuata. Nasikia mto bado haujajibu.

2. Chakula. Wageni tuliwapa samaki na lituma ya ndizi za kupondwa kabla ya mchezo, si baada. Huo ulikuwa ukarimu. Timu ya Yanonge ilikula mpaka beki wao akaomba mkeka, tukatoka sare. Siku hizi mgeni hupewa chungwa moja, hukimbia kama mwizi, na bado tunamfunga. Nauliza tu, utu umekwenda wapi?

3. Wachezaji wa kununuliwa. Winga ametoka Élisabethville na jozi mbili za viatu, kana kwamba mama yake alimzaa na miguu minne. Kipa mpya, Désiré, ametoka Léopoldville na glovu za ngozi. Mtu wa maporomoko hukamata samaki hai kwa mikono mitupu. Huyu anahitaji ngozi ili adake mpira usio na magamba wala utelezi.

4. Tamaa. Tulipokuwa tukifungwa, wake zetu waliwasha mishumaa kanisani, mjane Pélagie aliuza pombe yake yote ya masanga, na maadui walipatana kwa kumtukana refa mmoja. Sare ilitufanya tucheze ngoma hadi mtaa wa Mangobo. Juzi tuliwafunga Opala tatu bila, na jirani yangu Odile, ambaye zamani alishangilia hata kona, alitoka kiwanjani amenuna. "Tatu tu?" alisema. "Na viatu vyote vile?"

Hapo, Bwana Mhariri, ndipo ugonjwa unapoenea. Asiyetosheka na mabao matatu hatatosheka na mume mmoja. Odile sasa anamtazama Évariste wake kama mtu anayejua kwamba Léopoldville wako wengine, na maskini Évariste ameanza kunyoa ndevu kila siku. Katekista naye amesema waziwazi kwamba parokia jirani ina mwimbaji wa sauti nene anayeweza kuchukuliwa. Kesho watasema hata padri wetu ni mzito wa miguu.

5. Urbain, mjukuu wangu. Alikuwa kipa wetu tangu alipoota ndevu. Alifungwa, ndiyo, lakini alifungwa na watu aliowafahamu. Siku Désiré aliposhuka kwenye boti na glovu zake, Urbain aliambiwa arudishe fulana.  Amefunga nguo zake, anasema baada ya sikukuu ya Bikira Maria ataondoka na mitumbwi ya Opala, na kwamba maporomoko haya hayatamwona tena. Aliniuliza mimi babu yake jambo moja tu: "Koko, nani alitaja jina yangu kwa Bwana Henri?" Nikamjibu kwamba matajiri hawahitaji kutajiwa mtu, wana macho yao.

Kwa hiyo naomba gazeti lako limtake Bwana Henri aandike ahadi kwamba klabu itafungwa angalau mara moja kila msimu, nyumbani, mbele ya watu wote, Urbain akiwa golini. Aliyeweza kununua ushindi mbali hivyo hawezi kukosa kununua kushindwa kwa heshima papa hapa, tena kwa mafundi wazoefu. Désiré arudishwe kwao salama, na glovu zake zote mbili.

Nisalimie padri, kwaya pamoja na sauti zake nyembamba, mjane Pélagie, na Évariste umwambie apumzishe mashavu. Nabaki wako, pumzi zikiruhusu,

Mzee Anselme, mwanzilishi wa klabu

Nyongeza: Jumapili Désiré alipodaka ile penalti, nilirusha fimbo yangu hewani, nikaanguka, wakanibeba hadi nyumbani nikiwa bado naimba jina lake. Naomba nyongeza hii usiikate. Macho yangu hayasomi tena, hata barua hii nimeandikiwa na mtoto wa shule. Urbain ndiye hunisomea gazeti lako, na sikuthubutu kumwambia uso kwa uso. Mjukuu wangu, ukifika hapa usiache kusoma. Ulikuwa kipa mzuri wa timu ya kufungwa, nami nilitaka kuona kombe kabla sijafa. Bwana Henri alikuja kuniuliza, kama mwanzilishi, ni nani aondoke golini. Mimi ndiye niliyetaja jina lako.