Kibali Nambari 001

Kwa furaha kubwa, serikali ya kaunti ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mwananchi atakayejitolea bila kibali, la sivyo atatozwa faini. Kujitolea kiholela, tangazo lilisema, kunavuruga mipango ya maendeleo. Tena, uwanja wowote ambao hautachezewa mechi Jumamosi utahesabiwa kuwa ardhi isiyo na kazi, na utakatwa ploti.

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la uwanja wa kriketi, Kitengela. Rahab Waithera alilisoma mara mbili, ndoo ya chokaa mkononi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amechora mistari ya uwanja huo, akashona pedi za miguu za wachezaji, akaandika mikimbio ya kila timu na kupika chai, yote bure. Hakuwa amejua kwamba ni mhalifu.

Bwana Githongo, Afisa Mratibu wa Kujitolea, alikuja mwenyewe kumwelimisha. Kwenye buti ya gari lake kulikuwa na vigingi vya ploti, tayari vimepakwa rangi.

"Mama, weka hiyo ndoo chini. Kibali kinachukua siku tisini."

"Na mechi na Isinya ni Jumamosi hii."

"Hayo ni makosa ya kalenda. Sheria iko sawa."

Hapo ndipo Ledama alipoingia na ng'ombe wake kumi na wanne. Klabu haina mashine ya kukata nyasi. Ng'ombe wa Ledama hulisha hapo Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa watu huokota mavi.

"Hawa wanalipwa?" Githongo akauliza.

"Ng'ombe?"

"Si wanakata nyasi? Wanalipwa?"

"Hapana."

"Basi wanajitolea. Wako na vitambulisho?"

Ledama alifikiria. "Wako na alama kwa masikio."

"Haina picha," Githongo akasema, akawafukuza wote kumi na wanne.

Ledama akamgeukia Rahab. "Huyu ni mzima?"

"Ni wa ofisi."

Rahab ni mtu wa kufuata sheria. Kesho yake alipeleka fomu yake ofisini, na foleni ikampa muda wa kusoma kila kitu kilichokuwa ukutani. Pale juu, ndani ya fremu, palikuwa na Kibali Nambari 001: mfano kwa umma, kina muhuri na sahihi, kazi zote zimewekewa alama. Kukata nyasi. Kutandika mkeka wa kuchezea katikati ya uwanja. Chai. Uamuzi wa mechi. Jina la mwenye kibali: Githongo. Alikuwa amekijaza mwenyewe ili wananchi waone fomu safi inavyokaa.

Rahab alirudi nyumbani akamwandikia waziri wa michezo wa kaunti barua fupi, akimwalika aje aone kibali cha kwanza kikifanya kazi.

Jumamosi Githongo alifika mapema na vigingi vyake na kamba ya kupimia. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, nyasi zimefika magotini. Timu mbili zilikuwa zimekaa tu. Wachezaji hawakuwa na kosa. Wao hulipa ada kucheza, na mtu anayelipa hajitolei.

Kisha gari la waziri, Mheshimiwa Makena, likaingia.

"Ni wewe Githongo? Nasikia kaunti nzima ni wewe pekee uko na kibali. Endelea tu, tusikucheleweshe."

Rahab akampa fyekeo.

"Mama, si unisaidie kidogo," Githongo akanong'ona.

"Ningependa sana, mzee. Lakini ni kosa. Si faini umeiweka wewe?"

Githongo alifyeka akiwa na suti yake mpaka saa sita. Akatandika mkeka. Akapika chai. Akapigilia vigingi vya ploti kuzunguka uwanja, maana mpaka wa mchezo ulihitaji alama. Akawa mwamuzi na mwandishi wa mikimbio kwa wakati mmoja, akikimbia kutoka wiketi hadi mezani kila mpira. Ng'ombe kumi na wanne walisimama nje ya ua, wakiangalia sehemu za nyasi alizoruka.

Kitengela walipigwa vibaya sana, na hakuna aliyejali. Mechi ilikuwa imechezwa.

Waziri aliguswa. Papo hapo aliongeza Kibali Nambari 001 miaka kumi, kila Jumamosi, bila marupurupu, yasije yakamharibia moyo wa kujitolea.

Waziri alipoondoka, Githongo alikaa chini kando ya kigingi.

"Mama, fomu ya kuacha kujitolea inapatikana wapi?"

"Kwa ofisi yako, mzee. Inachukua siku tisini." Rahab alionja chai. "Na Jumamosi ijayo, ongeza majani."