Robo Yai ya Daktari Vasavan

Jumatatu, tarehe 11 Machi 2019, Vasavan aliingia katika duka la mikate la Bi Suhara, mjini Thalassery, amevaa koti jeupe la kuazima na kubeba gunia la unga wa dengu. Mkewe alikuwa anarudi jioni kutoka kwa wazazi wake, na pete aliyoiacha kabatini, Vasavan alikwisha kuiuza. Alipoiona inayofanana nayo kidoleni mwa Bi Suhara, moyo wake ulitulia.

"Dada, mimi ni daktari wa lishe," alisema, akipasua pafsi moja ya yai, kile kitafunio cha matabaka membamba chenye nusu yai ndani. "Haya yote ni ngano na mafuta. Lishe ni hii nusu yai tu. Unapata hasara."

"Wateja huipasua kwanza, daktari. Wasipoiona nusu yao, wananirudishia pamoja na matusi."

"Changanya unga huu wa protini na vitunguu, kisha weka robo. Robo itafanya kazi ya yai zima. Mwili haujui kuhesabu."

"Bei?"

"Gunia lote kwa pete hiyo. Ila upesi, nina treni ya kuwahi."

Bi Suhara alichovya kidole ndani ya gunia, akaonja, akafumba macho kama aliyeguswa na elimu. Kisha akanong'ona, "Yule mlangoni mwenye gazeti ni mume wangu. Akikuona na pete yangu, utatoka hapa bila meno. Nitaificha ndani ya pafsi. Usiifungue mpaka treni iondoke."

"Una akili, dada."

"Nimefundishwa sasa hivi."

Aliingia jikoni, akatoka kidole kikiwa kitupu, na boksi limefungwa kwa uzi. Vasavan alimsalimu mume kwa adabu zote, akaenda zake.

Treni ilipoondoka, aliukata uzi kwa meno. Aliichambua pafsi tabaka baada ya tabaka, makombo yakimjaa kotini, hata abiria wa pembeni akauliza, "Kaka, unakula au unachimba kisima?"

Ndani mlikuwa na vitunguu na robo yai, iliyokatwa kwa uangalifu mkubwa. Pete haikuwemo.

Wakati huohuo Bi Suhara, pete kidoleni, alikuwa akikaanga bajia kwa unga wa dengu mzuri ajabu.

Jioni mkewe alifungua kabati. Vasavan akamweleza ukweli, robo yake tu, akitumaini itafanya kazi ya ukweli wote.

"Nimesikia," alisema mkewe, akivuta kiti. "Sasa niletee robo tatu zilizobaki."

Nawe uliyesoma, msimulie jirani yako kisa hiki, ila umpe chote, usimkatie robo.