Mkaguzi Msaidizi wa Nyanya za Shangazi

Jumatatu, 3 Juni

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata Shangazi ninayeishi naye: nataka kuwa mkaguzi wa mimea wa serikali. Si daktari. Si rubani. Mkaguzi wa mimea, mwenye buti za mpira na mhuri. Darasani tulipoulizwa nilisema mhasibu, kwa sababu ukisema mhasibu hakuna anayekuuliza zaidi.

Chanzo ni Mkaguzi, yule mama anayekuja sokoni. Hakuna kreti ya nyanya inayopita langoni bila lebo yake ya kijani, tangu batobato ilipovamia mashamba ya bondeni na nyanya zikaadimika hadi nusu tunda likawa zawadi. Batobato ni ugonjwa wa virusi. Jani hupata mabaka, huku limepauka, huku limekolea, kisha hukunjamana, na matunda hutoka na madoa. Dawa haina. Leo nimemwona Mkaguzi akilishika jani kwa kibanio kidogo, akaligeuza juani, akanyamaza. Wauza nyanya wote wakanyamaza naye. Hata muuza vitunguu, ambaye hayamhusu. Sijapata kuona mtu akiheshimiwa namna ile bila kupaza sauti.

Kiranja wetu wa darasa alikuwepo. Akambebea mkoba. Hakuombwa! Kiranja ndiye mkubwa wa bustani ya shule, na anaamini hilo limemfanya mtumishi wa umma. Mimi nilijibanza nyuma ya magunia ya viazi nikitunga sentensi nzuri ya kujitambulisha. Nilipoimaliza, Mkaguzi alikuwa ameshaondoka. Nimebaki nayo. Ni sentensi nzuri kweli.

Jumanne, 4 Juni

Balaa. Jirani yetu Bwana Mizani (jina amelipata kwa kutembea na mizani yake begani, maana haamini ya mtu mwingine) anatangaza kwamba nyanya za Shangazi ni za maabara. Eti nyanya ya Mungu huoza siku ya tatu, lakini za yule mama zinakaa wiki mbili kabatini zikikutazama.

Najua kinachomuuma. Miaka yote yeye ndiye aliyepeleka nyanya jikoni kwa hospitali. Msimu huu hospitali imemchagua Shangazi, mradi kitalu chake kipite ukaguzi tarehe kumi na saba. Kisipopita, kazi inarudi kwa Bwana Mizani. Shangazi alianza kwa kuuza nyanya kwenye beseni kando ya barabara, akiwa amenibeba mgongoni. Kitalu kile, nguzo zake za mianzi na paa la nailoni, amekisimamisha mwenyewe, mstari wa kwanza hadi wa nane. Tangu hospitali imchague, anatembea kama mtu aliyebeba yai.

Nikaamua kumtetea kwa elimu. Baada ya shule nilikaa gengeni kwake, nikawaeleza wateja kwa upole kwamba kubadilisha jeni za mmea ni kazi ya maabara, ina sheria yake na kibali chake, na kwamba mbegu ya Shangazi ni chotara wa kawaida, mama nyanya, baba nyanya. Nikaongeza kwamba jeni zenyewe si sumu. Kila nyanya duniani ina jeni.

Mama mmoja akazirudisha nyanya zake mezani taratibu. Akasema yeye hakuambiwa kama zina jeni. Wawili waliokuwa nyuma yake wakarudisha zao pia.

Shangazi akaniomba niende nyumbani kusoma.

Jumatano, 5 Juni

Mpango mpya, na huu ni wa kisayansi. Kama Bwana Mizani ana ujasiri wa kuzisema nyanya za watu, je, zake zikoje? Nilikwenda kwake nikajifanya nimetumwa kuazima mizani. Akaingia ndani haraka kuificha. Mimi nikaingia kitaluni.

Mabaka! Mstari mzima una mabaka! Lakini mkaguzi hatoi hukumu kwa kuangalia tu. Kitabu cha maktaba kinasema jani lenye batobato hupoteza ulaini wake. Kibanio sina, nikatumia vidole. Nililipapasa jani la kwanza, la pili, la tatu, nikafikicha moja kabisa ili nisiwe na shaka. Yanakwaruza.

Hapo nikaingiwa na hofu kwa ajili ya Shangazi. Nikakimbia nyumbani bila kusimama popote, kabla vidole havijasahau ule mkwaruzo, nikaanza kulinganisha na miche yetu. Mmoja napapasa, mmoja naruka, ndivyo watafiti wanavyochukua sampuli. Nilimaliza mistari mitatu, giza likaniwahi. Yote laini kama shavu la mtoto!

Shangazi yuko salama. Habari za Bwana Mizani nitamweleza Mkaguzi mwenyewe siku ya ukaguzi, ana kwa ana. Nimeshaanza kutunga sentensi.

Jumapili, 16 Juni

Majani yetu yana mabaka.

Shangazi ameyaona asubuhi alipokwenda kumwagilia. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini. Nikampa pole. Akatazama upande wa ua wa Bwana Mizani kwa muda mrefu, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega.

Nikapendekeza tuyachume majani yote mabaya kabla Mkaguzi hajafika kesho. Nilishaleta na mkasi. Shangazi akauchukua, akautia mfukoni mwa kanga yake iliyoshonwa kama aproni, akasema nyanya zile zinakwenda kuliwa na wagonjwa, na kreti zake zitapita karibu na mashamba ya wengine. Hawezi kuficha jani leo halafu kesho bonde zima lilie.

Natamani ningekuwa na moyo kama ule. Usiku huu sijala vizuri, naye hakula kabisa.

Jumatatu, 17 Juni

Lazima niandike kwa utaratibu.

Mkaguzi alifika na Kiranja nyuma yake, mkoba mkononi, kifua mbele. Bwana Mizani akajitokeza kwenye ua, mizani begani, eti anamtafuta kuku wake. Bwana Mizani hafugi kuku.

Kabla ya kuingia, Mkaguzi alichovya buti zake kwenye beseni la dawa. Akavaa glavu mpya. Akafika mche wa kwanza, akavua, akavaa nyingine. Niliona ni umaridadi tu. Akatwanga kipande cha jani kwenye kichupa chenye maji, akachovya kijikaratasi cha kupimia. Mstari mmoja, salama. Miwili, ugonjwa. Shangazi akaninong'oneza kwamba mara ya mwisho kuiogopa mistari miwili alikuwa na miaka ishirini. Sikuuliza.

Ikatokea miwili.

Mkaguzi akasema pole, na akaisema kama mtu anayemaanisha. Kanuni iko wazi: kitalu chenye batobato kinang'olewa chote, isipokuwa ijulikane imeingiaje na imefika wapi. Bwana Mizani akapaza pole yake kutoka kwenye ua, akaongeza kwamba ndivyo vitu vya maabara vilivyo, vinaleta magonjwa. Mkaguzi hakugeuka. Akajibu taratibu kwamba karatasi za mbegu amezisoma, ni chotara wa kawaida mwenye ganda gumu, ndiyo maana haozi upesi. Ingekuwa mbegu iliyobadilishwa jeni angedai kibali chake na kukisoma vilevile. Na kwamba batobato haiulizi mbegu inatoka wapi, inauliza njia tu. Bwana Mizani akaendelea kumwita kuku.

Kisha Mkaguzi akafanya kitu nitakachokikumbuka mpaka nizeeke. Alichuchumaa mwanzo wa mstari wa kwanza akautazama kwa urefu wake, kama fundi anayepima ukuta. Akasogea hadi wa pili. Wa tatu. Akarudi. Akatutaka tuangalie: mche huu mgonjwa, unaofuata mzima, unaofuata mgonjwa, unaofuata mzima. Yote upande mmoja, na mabaka yameanzia majani ya kimo kimoja. Mstari wa nne hauna kitu.

"Mdudu hahesabu hivi," akasema. "Huyu ni mtu. Tena mtu mwenye nidhamu."

Naona aibu kuandika, lakini nilifurahi. Mwenye nidhamu! Mkaguzi amesema! Furaha ile ilidumu kama pumzi moja. Kisha nikavitazama vidole vyangu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ni udongo mfinyanzi. Shangazi alikuwa ameshaanza kufungua kamba za mstari wa nane, usio na baka hata moja, ili asiwape vibarua kazi ya kumng'olea. Alikuwa anafungua fundo moja moja, kama mtu anayemvua mtoto nguo bila kumwamsha.

"Shikamoo," nikamwambia Mkaguzi.

Nilikuwa nimeshamwamkia alipofika. Akaitikia tena, marahaba, akasubiri.

"Ni mimi."

Sentensi zangu zote nzuri zilipotea. Yalitoka maneno tu, bila mpangilio: kwamba nilipapasa, mmoja nikaruka mmoja, mistari mitatu, nikaishia mche ulio chini ya kiraka cha nailoni kwa sababu ya giza. Kwamba nilitaka kulinganisha. Akauliza kulinganisha na nini. Nikanyoosha kidole kwenye ua.

Tukageuka sote. Bwana Mizani hakuwepo. Mizani ilikuwepo, imening'inia kwenye mti wa ua, inayumba.

Mkaguzi akapima mistari mitano iliyobaki, mmoja mmoja. Mstari mmoja kwenye kijikaratasi, kila mara. Akasema kwa kuwa sasa njia inajulikana mwanzo na mwisho, hana sababu ya kung'oa kisichoguswa. Mistari mitatu itatoka na kuteketezwa. Mitano itapimwa tena Alhamisi, na ikiwa safi itapata lebo. Kisha akaenda kwa Bwana Mizani. Huko hakukuwa na wa kuruka, miche yote imeambukizwa. Kitalu chake kitang'olewa chote.

Shangazi hakunipiga. Alikaa tena juu ya ndoo yake, akanitazama, akacheka kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Wewe mtoto," akasema, "umenichinja na kunishona kwa mkono huohuo."

Mkaguzi alipokuwa anaondoka alisimama mbele yangu. Ananizidi kwa kichwa kizima.

"Binti, jicho unalo. Mikono tia mfukoni."

Kiranja alisikia! Nimeandika maneno hayo ubaoni juu ya kitanda changu. Nusu ya kwanza, kwa herufi kubwa.

Alhamisi, 20 Juni

Tumeng'oa. Nilifanya kazi ya watu wawili, nikiwa nimevaa glavu, na kila baada ya mche nikizichovya kwenye dawa. Shangazi aliimba. Mistari mitano imepimwa tena na ni safi. Lebo za kijani zimefungwa kwenye kreti, na mpishi mkuu wa hospitali amekubali kuanza na hizo. Shangazi alizigusa lebo moja moja kama anahesabu wajukuu.

Wakati miche ikiteketea shimoni, Mkaguzi alitueleza mambo ambayo hayamo kwenye kitabu cha maktaba. Watafiti, akasema, hutafuta mche unaosimama wakati wenzake wameanguka. Mche kama huo una kitu ndani yake. Wengine huuchanganya na nyanya nyingine msimu baada ya msimu mpaka ipatikane mbegu isiyougua. Wengine hukitafuta kile kitu maabara na kukihamisha, lakini hao hukaguliwa kila hatua, na mbegu yao haitoki mlangoni mpaka kila swali lijibiwe. Alisema hivyo bila kujigamba, kana kwamba kulinda nyanya za nchi nzima ni sawa na kufunga mlango wa jikoni. Kiranja akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Hakujua.

Mkaguzi atakuja shuleni Jumatatu kuikagua bustani. Kiranja ameshachonga kibao cha kumkaribisha.

Mwishoni mwa mstari wa tatu palikuwa na mche mmoja wenye baka dogo tu, moja, huku wagonjwa wenzake wamekunjamana wote. Niliutazama. Mikono mfukoni. Nikafikiria bonde lile, na hospitali, na mbegu isiyougua kamwe.

Ijumaa, 21 Juni

Mche ule haukuingia shimoni. Niliuweka kwenye kopo lenye udongo, nikalifunika kwa sweta, nikaamka mapema kuliko siku zote. Nyumbani nisingeweza kuuweka. Siwezi kuhatarisha nyanya za Shangazi tena, nimejifunza.

Nilifika shuleni kabla ya kengele. Bustani ilikuwa tupu, na miche ya Kiranja imestawi hadi inagusana. Nikachimba katikati yake, mahali penye jua zuri, ili Mkaguzi akija Jumatatu auone bila kuonyeshwa na mtu. Niliupanda. Niliuegemeza kwenye mche wa jirani usianguke. Nikamwagilia kwanza huo, kisha, kwa kuwa maji yalibaki, nikapita nikiinua majani ya mingine yote na kuimwagilia shinani.

Halafu nikanawa mikono kwa sabuni, mara mbili, nikaingia darasani.