Swichi Yangu ya Chumbani Inawasha Sebule ya Ngosha

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Fundi umeme Masalu, wa Igoma, amethibitisha leo mchana kwamba swichi ya chumba cha kulala, katika nyumba ambayo Jumamosi utashuhudia nikiinunua, inawasha pia taa ya sebuleni kwa jirani, Bwana Ngosha. Masalu amerudia jaribio mbele ya mke wangu, Celestina. Kila alipobonyeza, watoto wa Ngosha walishangilia upande wa pili.

Chanzo kinajulikana. Nyumba ilikuwa moja, ikagawanywa kwa ukuta zamani. Ukuta uligawa vyumba. Nyaya za darini haukuzigusa. Muuzaji, Mama Nikhil, anayehamia kwa mwanawe Dar es Salaam, haoni kasoro yoyote. Anasema yeye na Dorotea, mke wa Ngosha, waliishi vizuri kwa kugongeana ukuta: "Mama Nikhil, tuwashie sebule!" "Nipe jiko kwanza, chapati zinaungua!"

Mimi naona kasoro zifuatazo:

1. Mimi hulala mapema. Nikizima taa, familia ya Ngosha inabaki gizani na matonge ya ugali mikononi. Nilipomweleza, alinijibu, "Kaka, wewe lala tu. Jifunike shuka usoni."

2. Taa ya jiko letu inawashwa na swichi iliyo chumbani kwa Ngosha, kando ya kitanda. Kwa hiyo mapishi ya Celestina yanategemea ndoa ya watu wengine. Mama Nikhil amekiri kwamba Dorotea aliporudi kwao kwa hasira, Ngosha alijifungia chumbani na hakusikia mtu akigonga. Mama huyo alikula mkate mkavu mpaka wazee wa kanisa walipowapatanisha.

3. Ngosha anachomelea mageti uani. Akianza kazi, bomba letu la bafuni linapiga shoti. Mama Nikhil anasema linachangamsha tu. Masalu ametushauri tuoge tumevaa gambuti. Celestina amekataa, anasema hakutolewa kwao Bukoba aje kuoga kama anakwenda kulima.

Sina pa kurudi. Mwenye nyumba wetu wa Nyegezi amekwishawapangisha wanafunzi wa chuo vyumba vyetu, nao wanaingia Jumapili. Naomba ofisi yako iamuru nyaya zitenganishwe kabla ya mauziano.

Ikishindikana, naomba familia ya Ngosha iandikwe katika hati ya mauziano pamoja na milango, madirisha na tangi la maji. Wasihame bila idhini yangu. Wasigombane baada ya magharibi. Wakisafiri, waniachie ufunguo wa chumba chao. Na Ngosha akifariki, Mungu aepushie mbali, mrithi wa swichi atangazwe kabla ya mazishi, maana waombolezaji nao watataka kupikiwa.

Pia mtaa uweke muda mmoja wa kulala kwa nyumba zote mbili. Mimi nimependekeza saa tatu. Ngosha amependekeza mpira ukiisha. Hapo ndipo tulipokwama.

Nifikishie salamu kwa wajumbe wote wa serikali ya mtaa, kwa mama watoto, na kwa karani wako aliyenipa kiti chake.

Wako, mkazi mtarajiwa wa mtaa wako,

Projest Rugemalira

Nyongeza: Hayo niliyaandika kabla jua halijazama. Masalu amerudi jioni hii na kutenganisha nyaya kwa majaribio. Kwa Ngosha kila taa imewaka, pamoja na moja ambayo hawakujua kwamba wanayo. Kwangu haijawaka hata moja. Masalu amefuatilia waya na kukuta kwamba mita iliyo ukutani kwetu haijaunganishwa na kitu chochote. Umeme wote wa Mama Nikhil ulitoka kwa Ngosha. Ngosha amefurahi sana na anataka nyaya zibaki zimetenganishwa hivyo hivyo. Anasema ameniunga mkono katika ombi langu. Naomba umkatalie kabisa. Huwezi kuwatenganisha majirani wa miaka yote hiyo kwa koleo la fundi, na mimi niko tayari kulala mpira ukiisha. Ngosha atafika ofisini kwako kesho saa mbili asubuhi. Mimi nitakuwa mlangoni saa moja.